Mgeni wa Siku ya Tatu

Safari ilianzia Voi, alfajiri, kwenye basi la Taveta ambalo dirisha lake moja lilikuwa limezibwa kwa boksi. Nilikuwa na begi la nguo na kompyuta ndogo niliyoizungushia sweta ili isigongwe. Basi. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini na bado kila nilichokuwa nacho kiliingia kwenye begi moja. Nilikuwa nimeishi Mombasa, Nakuru, Kampala, Kigali kidogo, kisha nikarudi Voi na kukuta hata wale waliokuwa wakinicheka kwa kuhamahama wameshahama.

Mpakani Holili afisa alinitazama usoni, akatazama pasipoti, akauliza, "Unaenda kufanya nini Tanzania?"

"Kutembea," nikasema.

Akagonga muhuri. Sikumdanganya. Neno lenyewe ni pana. Mtu hutembea kwa miguu, hutembea kwa ndugu, na wengine tunatembea maisha yetu yote.

Nililala Moshi. Kesho yake tulipita Same, Mombo, Korogwe, milima ikiwa upande mmoja na mkonge upande mwingine, na joto likiongezeka kila tuliposimama. Tiketi yangu ilikuwa ya Iringa. Sikuwa na mtu Iringa, nilipenda jina tu. Lakini tulipoiacha Chalinze na jua likaanza kuteremka, mbele yetu ikatokea milima ya Uluguru, wingu limekaa juu yake kama kilemba kilichofungwa kwa haraka, na moyo wangu ukafanya kitu ambacho haukuwa umekifanya kwa miaka mingi. Niliona mlima wa bibi yangu, kule Wundanyi nilikokulia. Matuta yaleyale ya mboga yaliyopangwa kama ngazi, moshi uleule wa jioni unaotoka kwenye paa moja moja.

Basi liliposimama stendi ya Msamvu, mjini Morogoro, ili watu wanunue chakula, nilishusha begi langu.

"Kaka, tunaondoka sasa hivi, begi la nini?" utingo akauliza.

"Nimefika."

"Iringa bado, kaka!"

"Najua."

Kwanza nilipanga chumba Kihonda, lakini kwa jirani kulikuwa na mashine ya kusaga, na kazi yangu haipatani na kelele. Kazi yenyewe ni hii. Kuna kampuni ya nje, sijawahi kuiona wala kuzungumza na mtu wake kwa mdomo. Inanitumia sauti za watu wakizungumza Kiswahili: wauza samaki, mama anayemgombeza mtoto, vijana wanaobishana juu ya mpira. Mimi nasikiliza na kuandika kila neno, hata kukohoa. Malipo yanakuja kwenye simu. Elimu yangu ni ya sekondari tu, lakini masikio yangu yamezunguka, na kwa kazi hiyo masikio ndiyo cheti. Popote penye mtandao na ukimya, hapo ndipo ofisini kwangu. Angalau hivyo ndivyo nilivyodhani.

Siku moja nilipanda mlimani kutafuta ukimya huo. Juu ya Bigwa, mahali njia inapovuka kijito, nilimkuta mama mmoja mtu mzima akiosha karoti kwenye maji, amekunja khanga magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana, natembea."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Haya, kama unatembea, tembea na hili," akasema, na kunitwika kiroba cha karoti begani, kikivuja maji mgongoni mwangu hadi nyumbani kwake.

Hivyo ndivyo nilivyopata chumba. Alikuwa mjane, watoto wake wote wako Dar, na chumba cha uani kilikuwa kimebaki na magunia matupu. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kiti cha sebuleni chenye kitambaa cha kufuma, akanichinjia kuku, na kunimwagia maji mikononi mwenyewe. Siku ya pili vilevile. Hata nilipotaka kubeba ndoo alinipokonya. Siku ya tatu, nilipofungua mlango asubuhi, nilikuta jembe limeegemezwa ukutani. Mpini wake ulikuwa umelainika kwa mikono ya mtu mwingine.

"Hukufundishwa?" akasema kutoka jikoni. "Mgeni siku mbili."

"Ya tatu mpe jembe," nikamalizia.

"Basi unajua. Hilo lilikuwa la marehemu mume wangu. Naye alikuja mgeni hapa. Huku kwetu shamba ni la ukoo wa mama, mwanamume ndiye anayehamia. Nilimpa jembe, akakaa mpaka akafa."

Nililima. Asubuhi nililima naye hadi jua linapochoma, kisha nikaenda kwenye jiwe moja pembeni mwa tuta la maharage, mahali pekee mtandao uliposhika, nikaweka hedifoni na kuandika sauti za watu hadi jioni. Jioni tulikunywa chai ya mdalasini. Alinicheka kwa Kiswahili changu. Nilipomwambia nyanya yangu naye alikuwa na shamba la mlimani kama lake, alishika mbavu.

"Nyanya ina shamba! Na vitunguu je, vina nyumba?"

"Kwetu bibi ndiye nyanya, mama."

"Na ukiomba maji unasema 'nipe'. Nipe! Kama polisi. Hivi kwenu hakuna 'naomba'?"

Niliona aibu, nikajifunza kuomba. Baada ya miezi michache nilikuwa naomba hata kisichohitaji kuombwa, na yeye akawa anasema "nipe" kwa makusudi, ili nicheke.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomuudhi. Akina mama waliopita na matenga ya mboga kichwani walikuwa wakiniona pale juu ya jiwe, nimevaa hedifoni, mara nacheka peke yangu, mara nimekunja uso. Wakanipa jina.

"Bwana Redio, hujambo? Leo wanasema nini?"

"Sijambo. Wanasema bei ya karoti itapanda."

"Mungu akusikie! Lakini wewe unakula wapi, maana kazi hatuioni?"

Mimi nilicheka. Mwenyeji wangu hakucheka. "Wanasema nafuga mwanamume mvivu," aliniambia usiku mmoja, na sauti yake ilikuwa na uchungu ambao sikuupa uzito. "Mimi! Nyumba yangu haijawahi kulisha mvivu." Nilimweleza tena kwamba ile ndiyo kazi, kwamba wale watu wa kwenye hedifoni ndio walioleta mabati mapya ya jikoni. Akaitikia kwa heshima, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa anayesimulia ndoto.

Muda kwenye muhuri wangu ulikuwa unakwisha. Niliurefusha mara moja bila shida, na mara ya pili niliambiwa nieleze vizuri ninachokaa kukifanya. Ndipo nilipoanza kusoma juu ya vibali vya watu kama mimi. Vipo. Niligundua kuna nchi nyingi duniani zinazotoa viza kwa mtu anayefanya kazi kwa mtandao, akae kwao huku akilipwa kutoka kwingine. Visiwa vingi, na picha zake zilifanana zote: kijana amekaa chini ya mwavuli, kompyuta mapajani, bahari nyuma yake. Nilichapisha masharti ya kisiwa kimojawapo kwenye duka la fotokopi mjini, kwa mzee wa Kihindi aliyekuwa akinipiga picha za pasipoti. Ukoo wake uko Morogoro tangu zamani sana. Aliyasoma masharti kabla ya kunipa, kwa sababu alisoma kila kitu kilichopita kwenye mashine yake.

"Bwana, hiki kipato wanachotaka, ni cha mwaka?"

"Cha mwezi, mzee."

"Cha mwezi!" Akavua miwani. "Hata mimi sifiki. Tutakwenda wote siku moja, mimi nitakubebea kompyuta." Halafu akaacha kucheka. "Kwani unataka kwenda huko kisiwani?"

"Sitaki. Nataka kukaa hapa Bigwa."

"Basi mbona unasoma ya huko?"

Nilisoma ya huko kwa sababu ya huko yaliandikwa. Niliyoyahitaji mimi, ya mtu wa kipato kidogo anayetaka mlima mmoja tu ulio safari ya siku mbili kutoka kwao, sikuyaona popote. Hata nchi yangu mwenyewe, nilisoma, imetangaza kibali cha namna hiyo kwa wageni wenye uwezo. Nami kwetu si mgeni, na uwezo sina.

"Babu yangu alishuka hapa na marobota ya vitambaa," mzee akasema akinihesabia karatasi. "Walimuuliza una nini, akafungua, wakaona. Wewe mzigo wako uko hewani. Sasa hewa utaionyeshaje?"

Afisa wa uhamiaji mjini aliyeshughulika na jambo langu alikuwa mtu mpole, wa rika langu. Alisema niende na mwenyeji wangu, aseme kwa mdomo wake kwamba ananijua na ninakaa kwake. Nilirudi mlimani na matumaini. Nani angenisemea vizuri kumshinda mama?

Alifurahi kama ameitwa harusini. Alivaa kitenge chake cha sikukuu, akajifunga kitambaa cha chama cha akina mama wa kanisani, akapaka miguu mafuta. Njiani nilimwambia, "Mama, wakikuuliza, sema tu mimi ni mgeni wako."

"Mgeni tu?"

"Mgeni tu, mama."

Akatangulia mbele yangu kipande kirefu cha njia. Sasa najua alichokuwa anakifikiri. Miezi yote ile, na mimi niitwe mgeni? Mtu anayeitwa mgeni muda wote huo ni mtu aliyeshindwa kushika jembe.

Ofisini tulikaa kwenye benchi hadi tukaitwa. Afisa akasimama, akampa shikamoo, akamsogezea kiti.

"Mama, huyu bwana ni nani wako?"

"Kijana wangu."

"Kijana wako, Mkenya?"

"Sikumzaa. Nilimkuta njiani." Afisa akacheka, na mimi nikacheka, na kwa dakika moja chumba kizima kilikuwa chepesi.

"Sawa, mama. Sasa huko kwako anafanya nini?"

Niliona mgongo wake ukinyooka. Lilikuwa swali lilelile la akina mama wa matenga. Alilingoja siku nyingi, na sasa limeulizwa na serikali.

"Mwanangu, watu wanasema hafanyi kazi. Waongo! Mimi siku ya tatu tu nilimpa jembe, hakukataa. Tuta la chini lote amelima yeye. Karoti anazibeba mpaka sokoni. Mifereji amezibua. Kazi anafanya kuliko vijana wa pale waliozaliwa pale. Andika hivyo. Andika anafanya kazi sana."

Afisa hakuandika. Aliweka kalamu juu ya meza taratibu, akanitazama mimi, na machoni mwake niliona huruma, na nikajua imekwisha.

"Mama," akasema, "aliingia kama mgeni. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi bila kibali."

"Nani hakuruhusu? Mimi ndiye mwenye shamba, nimemruhusu."

Nikaingilia. Nilitaka kumwokoa yeye kwanza, asije akaambiwa ameajiri mtu. Nikaeleza kwamba jembe ni desturi tu, silipwi kitu, kazi yangu ya kweli iko kwenye kompyuta, mwajiri yuko nje, fedha inatoka nje na mimi naitumia hapahapa, mabati, chumba, mchele. Nilizungumza vizuri. Nilifurahi hata jinsi ninavyozungumza. Nilipomaliza, afisa alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo ni kazi mbili," akasema.

Mama alinigeukia, uso unang'aa. "Umesikia? Mbili!"

Sikumlaumu yule bwana hata siku moja. Alinieleza kwa utulivu kwamba kibali cha kazi kinahitaji mwajiri aliyepo hapa anayeweza kuniombea, na mwajiri wangu si mtu wala mahali. Alisema sheria anayoisimamia inamjua mgeni na inamjua mfanyakazi. Mtu ambaye mwili wake uko Bigwa na kazi yake haiko popote, hakuwa na dirisha la kumpeleka. "Nikikuongezea sasa, baada ya haya niliyoyasikia, nitakuwa nimekosa mimi," akasema. Akanipa muda wa kujiandaa, muda wa kutosha, kisha akamsindikiza mama hadi mlangoni kwa mikono miwili.

Tulipofika kwenye mti wa kivuli nje, mama akasimama. "Kwa nini hakuandika?"

Nilimweleza. Nilichagua maneno, lakini jambo lenyewe halikuwa na maneno laini. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake cha kanisani.

"Nimekuharibia."

"Hapana, mama. Umenisifu."

"Nimekusifu mpaka nimekufukuza," akasema.

Kesho yake asubuhi nilifungua mlango na jembe halikuwepo. Nililitafuta uani, jikoni, kwenye magunia. Nilimkuta shambani analima peke yake, na nilipomwomba jembe akatikisa kichwa. "Nenda kakae ndani. Nimekuwekea chai."

Kiti cha sebuleni kilikuwa kimefutwa vumbi. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa. Chai ilikuwa kwenye kikombe cha wageni, kile chenye maua. Mchana alichinja kuku. Nilipochukua ndoo aliipokonya, na usiku alinimwagia maji mikononi, ameinama kidogo, kama siku ile ya kwanza. Nilimsihi aache. "Nimeambiwa wewe ni mgeni," akajibu, bila hasira. "Sitaki watu wakukute na jembe langu."

Siku zile zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko miezi yote iliyotangulia. Nilikaa kwenye kiti nikimsikia yeye nje, jembe linaingia ardhini, linatoka. Nilijaribu kuzitafuta njia nyingine. Niliwaandikia wale wa kampuni, nikaomba barua inayosema mimi ni mtu wao. Walijibu haraka sana, kwa maneno ya kushukuru yaliyoandikwa na mashine, yakiniuliza kama nimeridhika na huduma. Mzee wa fotokopi alinishauri nijaribu Dodoma, kisha mwenyewe akaona hana la kuongeza, akaniuzia kalamu. Nilipanda kwenye lile jiwe na kuweka hedifoni. Katika sauti za siku hiyo kulikuwa na mwanamke fulani, sijui wa wapi, anamwambia mtu, "Kaa kidogo bwana, unakimbilia wapi?" Niliandika kama alivyosema, na alama ya kuuliza mwishoni.

Nimeondoka mahali pengi. Nilipoondoka Nakuru sikugeuka. Kampala niliondoka nikipiga mluzi. Mtu mwenye tabia ya kuondoka hudhani kuondoka ni kwake, ni kitu anachokifanya mwenyewe. Safari hii niliondoshwa, na nikagundua miguu haijui njia inapokuwa haikuamua yenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Tulitoka kabla ya jua, pamoja na wale akina mama wa matenga, njia ikiteleza kwa umande. Mama alikuwa na kiroba cha karoti zilizooshwa usiku, na maji yalikuwa yakimtiririka shingoni. Nilinyoosha mikono nikipokee.

"Weka mikono yako chini."

"Mama, ni karoti tu."

"Weka chini, utakamatwa."

Mmoja wa wale wenzake, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kunitania, alicheka. "Mpe Bwana Redio abebe, atamkamata nani huku? Nyani?"

"Nimesema ni mgeni!" mama akamkata. Tukateremka hivyo, wanawake sita au saba na mizigo yao vichwani, na mimi katikati yao, mwanamume mzima, mikono mitupu.

Stendi alikishusha kiroba chini na kusimama nacho kwenye dirisha langu hadi dereva alipowasha gari. Abiria wa kiti cha mbele akachungulia, akauliza karoti fungu shilingi ngapi. Mama akamjibu bei, yule akaona kubwa, wakaanza kuvutana, na basi likaanza kurudi nyuma.

Niliita, "Mama!"

Aligeuka, fungu la karoti mkononi. Niliona anatafuta neno. Lililokuja ni lile analomwambia kila mtu aliyewahi kuketi kwenye kiti chake cha kitambaa.

"Karibu tena," akasema.